Manjano ya Jumanne

Koti langu la kwanza la baridi lilikuwa jeusi, na sikulichagua mimi. Nilifika Canada Februari 2009 nikitokea Tanga, na mimba ya miezi mitatu, sweta moja na viatu vya wazi nilivyovivalia soksi mbili mbili. Dada mmoja wa kwetu aliyenipokea alinipeleka kesho yake duka la mitumba. Mkono wangu ulikuwa umeshashika koti la rangi ya chungwa, zito, lenye vifungo vya mbao. Akalitoa mkononi mwangu taratibu, akalirudisha kwenye henga, akavuta jingine refu, jeusi tii. "Hilo hapana, mdogo wangu. Hapa ukivaa rangi watakutazama. Chukua jeusi, upite zako."

Nikapita zangu. Nilipita zangu misimu sita ya baridi.

Naishi Unionville, mtaa wa zamani ndani ya mji wa Markham, kaskazini mwa Toronto. Kiangazi ni mahali pa kupendeza: barabara kuu ina nyumba za mbao za karne ya 19 zenye vibaraza mbele, watoto wanakula aiskrimu wakielekea Toogood Pond kutazama bata. Ikifika Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Ukisimama asubuhi kituo cha treni ya GO kusubiri kwenda mjini, utaona safu ndefu ya watu, na makoti karibu yote ni meusi, ya kijivu au buluu ya usiku. Nikawa mmoja katika safu hiyo, na mwanzoni nilishukuru. Mgeni ambaye kila neno analojaribu kulisema linamtoka likiwa limepinda, hupata nafuu pale asipotazamwa.

Lakini kuna jambo lilinipata ambalo sikulitambua mapema. Tanga nilikuwa fundi cherehani. Nilikaa barazani Ngamiani, na sauti yangu ilisikika nyumba ya tatu. Mteja akichelewa kuchukua gauni lake nilimwita akipita ng'ambo ya barabara. Huku sauti ile ikapungua. Nilianza kusema kama mtu aliye wodini. Dukani nilisimama nyuma ya foleni hata pasipokuwa na foleni. Jirani akinisalimu nilijibu nikiwa nimeshampita. Sisemi koti ndilo lililonifanya hivyo. Ugeni una mengi, na baridi ina yake. Ninachosema ni kwamba kila asubuhi nilipolivaa lile koti nilikuwa nakubali upya yale niliyoambiwa dukani: kwamba kuonekana kwangu ni hatari.

Naandika haya kwa sababu ushauri ule bado unatolewa. Nausikia kwenye harusi zetu huko Scarborough, nausikia kwenye simu za akina mama wa Dar na Mombasa wanaowaaga watoto wao wanaokuja kusoma: usijitokeze sana, nunua nyeusi, nyeusi haikosei. Unatolewa kwa mapenzi, najua, na dada yule alinipenda. Hata hivyo nauona ni ushauri mbaya. Na ushauri wa upande wa pili, huu ambao vijana wanaupata kwenye simu zao, kwamba nyekundu inatia nguvu na buluu inaaminisha watu, naona nao haufai, kwa sababu nitakayoieleza.

Mama alinipa doti moja ya kanga siku naondoka. Manjano iliyokolea, pindo jeusi lenye korosho, na jina lake: Usisafirie nyota ya mwenzio. Niliiweka chini kabisa ya sanduku. Mwaka 2015, mwezi wa kumi, Mama akafariki. Nauli sikuwa nayo, na maziko ya Tanga hayamngoji mtu aliye Canada. Usiku wa siku ya tatu nilitoa ile doti, nikakaa nayo kitandani mpaka alfajiri.

Bitana ya koti langu jeusi ilikuwa imechanika makwapani tangu mwaka wa pili. Mimi fundi, na koti langu mwenyewe sikuwahi kulitengeneza. Asubuhi ile nikaitenganisha doti. Kipande kimoja nikakikunja, na hakijapita mkasi mpaka leo. Cha pili nikakitandika mezani. Kukata kanga ya mama aliyekufa si jambo jepesi; nilishika mkasi nikauweka, nikaushika tena. Kisha nikakata. Nilipanga mji, ile sehemu ya kati ya kanga, uangukie mgongoni, pindo lizunguke mikononi, na jina lilale sawasawa baina ya mabega. Nikashona kwa mkono usiku tatu. Kwa nje koti lilibaki vilevile, jeusi, refu, la kupita zako. Ndani lilikuwa manjano mpaka kwenye mshono wa mwisho.

Wiki chache baadaye niliitwa kwenye mkutano wa wazazi na walimu. Ilikuwa Jumanne jioni. Binti yangu alikuwa na miaka sita, na alikuwa amewekwa kwenye kundi la watoto wanaojifunza Kiingereza, yeye ambaye amezaliwa hapa na hana lugha anayoijua kuliko Kiingereza. Jambo hilo lilinikera tangu Septemba, na tangu Septemba nilikuwa nalimeza. Chumba kilikuwa na joto. Nikavua koti, nikalitundika kwenye mgongo wa kiti, na lile manjano likafunguka mbele ya kila mtu. Mama mmoja aliyekaa pembeni akainama kusoma. Akaniuliza ni lugha gani na maana yake nini.

Nikamweleza. Nilimweleza kwamba hii ni kanga, kwamba kila kanga ina pindo, mji na jina, kwamba inauzwa vipande viwili viwili na ukifika nayo nyumbani ndipo unaikata na kuipinda, kwamba kwetu mtu huzaliwa akafungwa ndani yake na hufa akafunikwa nayo. Nilieleza maana ya jina lile, na nyota za mabaharia. Mwalimu aliacha makaratasi yake akawa anasikiliza. Na katikati ya maneno nikaisikia sauti yangu, ile ya barazani. Nilipomaliza habari za kanga sikunyamaza. Nikauliza kwa nini mwanangu yuko kwenye kundi lile. Walimpima upya mwezi uliofuata, wakamtoa.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na najihadhari nisiipe rangi sifa isiyo yake. Kama ile bitana ingekuwa manjano ya kitambaa cha dukani, yule mama angesema "rangi nzuri", nami ningesema "asante", na mazungumzo yangeishia hapo. Manjano ile ilikuwa na maneno nyuma yake, na maneno yale nilikuwa nayajua tangu utotoni. Ndiyo yaliyonipa pa kuanzia.

Sasa tazama rangi zetu zinavyoitwa. Zenye jina lake peke yake ni tatu: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Nyingi ya zilizobaki ni vitu. Manjano ni ile bizari ya mchuzi. Kijani ni jani, kijivu ni jivu la jikoni, zambarau ni tunda linalowatia watoto wa Tanga ndimi za bluu, kahawia ni kahawa, waridi ni ua. Kuna rangi ya ugoro, rangi ya maziwa, rangi ya udongo. Kuna damu ya mzee, ambayo wageni wakiambiwa maana yake hushtuka kidogo, lakini mshone mwanamke mwenye ngozi ya maji ya kunde gauni la damu ya mzee uone. Mtu aliyelelewa katika lugha hii hawezi kutaja rangi bila kutaja jiko, shamba au bahari. Kwa hiyo ukimwambia Mswahili avae manjano unampa kumbukumbu ya mkono wa mama yake ukitwanga, na ndiyo maana mwanamke wa pwani anapochagua kanga dukani anaweza kumaliza saa nzima na muuzaji hakasiriki.

Binti yangu hakuyajua haya. Alijua yelo na papo. Kosa langu, nilimfundisha kusalimu na kula kwa mkono wa kulia, nikasahau kumfundisha rangi. Alipofika miaka kumi na nne akaanza kutazama video za watu wanaofundisha ujasiri kwa rangi. Akaniomba hela, akanunua koti fupi jekundu, kwa sababu aliambiwa mwenye nyekundu hutazamwa kama mwenye nguvu. Alilivaa mara mbili. Kisha likakaa kabatini, nikamuuliza vipi. Akasema, "Mama, nikilivaa naona kama nasema uongo."

Mwaka jana shuleni walipewa kazi ya somo la saikolojia, naye akachagua mada hiyohiyo ya nguo na ujasiri. Tulikaa wote mezani, mimi napinda suruali za watu, yeye ananisomea. Akanisomea habari za Olimpiki ya Athens ya 2004, ambako katika ngumi, mieleka na taekwondo wachezaji waligawiwa nyekundu au buluu kwa bahati, na watafiti wawili wa Uingereza wakachapisha mwaka 2005 kwamba wenye nyekundu walishinda kama mara 55 katika kila 100. Nikadhani basi video zake zilisema kweli. Akaendelea kusoma: waliokuja kuchunguza mashindano mengine mengi waliikuta tofauti hiyo ikififia. Hata ingebaki, ni mapambano machache katika mia, baina ya watu wanaolingana nguvu. Haimsaidii msichana anayeingia darasani akiona anasema uongo.

Utafiti mwingine ulinigusa zaidi. Mwaka 2000 watafiti wa Cornell, Marekani, walichapisha jaribio ambalo mwanafunzi alivishwa fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji Barry Manilow, ambayo vijana wale waliiona ni aibu kuivaa, kisha akaingizwa kwenye chumba chenye wenzake. Akaulizwa ni wangapi wameiona picha. Waliovishwa walikadiria nusu ya waliomo chumbani. Walioiona kweli ni kama robo tu. Nilimwomba anisomee mara ya pili. Nilimkumbuka dada wa mitumba na onyo lake, watakutazama, na misimu yangu sita ndani ya koti jeusi nikijificha macho ambayo mengi hayakuwa yananitazama kabisa.

Mtu atanijibu kwamba mwanamke mweusi katika mtaa wa ugenini hutazamwa, avae nini au nini, na kwamba jaribio la fulana halikumpima yeye. Kweli. Nimefuatwa na walinzi madukani nikiwa na lile koti jeusi la kupita zangu. Ndiyo kusema koti halikunikinga. Lilinipunguza tu, na walinzi wakaja vilevile.

Hapa nataka kurudi nyumbani, kwa sababu sisi tunalijua jambo hili la nguo na ujasiri kwa undani kuliko video yoyote, na tumelisahau. Zanzibar ya karne ya 19 mtu ulimjua kwa nguo. Mtumwa alivaa kaniki, nguo ya buluu iliyokoza mpaka weusi, au merikani, ile pamba isiyopaushwa iliyoletwa na merikebu kutoka Marekani na kubaki na jina lake. Kichwa hakufunika, viatu hakuvaa mbele ya waungwana. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliitupa kaniki. Wakavaa kanga. Kanga ilikuwa bado nguo changa wakati huo, imetokana na leso za mraba zilizounganishwa vipande sita sita, na Mombasa mpaka leo wanaiita leso. Jijini humo, mtaa wa Biashara, ndiko familia ya Kaderdina ilikofungua biashara yake ya kanga mwaka 1887, na alama yao ya Mali ya Abdulla bado iko kwenye mapindo.

Fikiri wale wanawake walifanya nini. Hawakungoja Idi. Hawakuvaa kanga siku moja katika mwaka ili watu waone kwamba nao sasa wana nguo nzuri. Waliivaa wakienda kisimani, sokoni, shambani kupalia mihogo, kila siku ya Mungu, mpaka jicho la mji likazoea na hakuna aliyeweza tena kumtenga mtu kwa kutazama kilichofungwa kifuani mwake. Nafikiri hapo ndipo ujasiri ulipotengenezwa: katika kurudia. Mara ya kwanza moyo ulidunda, bila shaka. Mara ya mia nguo ile ikawa ngozi.

Na ili nisiionee rangi nyeusi: miaka michache baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, wanawake haohao wakaingia kwenye buibui. Jeusi, kutoka utosini mpaka miguuni. Zamani kujifunika kulikuwa haki ya waungwana peke yao. Ndani ya buibui mjukuu wa mtumwa na mjukuu wa bwana walipita njia moja na hakuna aliyeweza kuwatofautisha. Weusi ule ulichaguliwa. Nilipokuwa mdogo nilimwona bibi yangu akitupia buibui lake begani na kutoka mlangoni, na sijaona mtu mwenye madaha kama yale katika mtaa wowote wa Toronto. Kwa hiyo ugomvi wangu hauko na nyeusi. Uko na nyeusi uliyovishwa kwa hofu.

Katika hili la kurudia nina neno na shule na ofisi, za huku na za nyumbani. Shule ya binti yangu ina siku moja katika mwaka ambayo watoto huambiwa waje na mavazi ya kwao. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu nilimshonea gauni la kitenge, mikono ya puto, kilemba chake. Alipendeza. Walimpiga picha nyingi, picha moja ikabandikwa ukumbini. Kesho yake akarudi kwenye fulana yake ya kijivu yenye kofia, na gauni lile hakulivaa tena. Nilidhani halimtoshi, nikataka kuliachia kiunoni. Akasema, "Linanitosha, Mama. Jana nilikuwa kama picha ya ukutani."

Walimu wale walikuwa na nia njema na siwalaumu kwa nia. Lakini nguo inayovaliwa siku moja ili itazamwe humfanya aliyeivaa awe kitu cha kutazamwa. Siku 364 zilizobaki zinamwambia kwamba hiyo si nguo ya kufanyia hesabu. Nyumbani tunafanya yaleyale. Ofisi ngapi za Dar es Salaam zinaruhusu kitenge Ijumaa tu? Kenya, Oktoba 2019, serikali iliwaagiza watumishi wake wavae nguo zilizotengenezwa nchini kila Ijumaa. Nia njema tena, na Ijumaa tena. Kisha Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula akazuia suti za Kaunda ndani ya ukumbi wa Bunge, wakati Rais mwenyewe alikuwa akionekana nazo mara kwa mara. Huko nyuma, mwaka 2004, Kenya ilizindua vazi la taifa lililobuniwa kwa kamati na mashindano. Halikushika. Sishangai. Vazi ambalo halikupita kisimani na sokoni halijui kukaa mwilini mwa mtu.

Wanaojua hili la kurudia hapa Markham ni Wachina. Karibu nusu ya watu wa mji huu wana asili ya Kichina, na kona ninayopanga kwa ajili ya cherehani yangu ndani ya duka la dobi, karibu na Highway 7, inaendeshwa na riziki yao zaidi kuliko ya mtu yeyote. Kuna bibi mmoja, sitamtaja, aliniletea fulana sita za ndani nyekundu nimpunguzie mabega. Nyekundu ya pilipili iliyoiva. Mjukuu wake akanitafsiria: mwaka ule ulikuwa wa mnyama wake, unaorudi kila baada ya miaka kumi na miwili, na mwaka wako si mwaka wa raha, kwa hiyo unavaa nyekundu karibu na ngozi ili ikukinge. Mwaka mzima. Hakuna aliyekusudiwa kuiona. Nilimfungulia koti langu nikamwonyesha bitana. Hatukuwa na lugha moja ya kuzungumzia, lakini aliishika ile manjano kwa vidole viwili, kama mtu anayepima kitambaa, akatikisa kichwa kukubali. Tangu siku ile hunisalimu kwa kunivuta mkono wa koti.

Nilimsimulia binti yangu habari hizo. Akanyamaza, kisha akasema kumbe nyekundu ni ya yule bibi. Nikamwambia si ya yule bibi peke yake, hata kisutu cha bibi harusi wa pwani kina nyekundu, na nyeusi, na nyeupe. Lakini nilielewa alichogundua. Alikuwa amenunua nguvu ya mtu mwingine kwa dola themanini.

Nisije nikaeleweka kwamba naagiza kila mtu aende kwenye usaili wa kazi na kilemba cha manjano. Mimi fundi, wanaokuja kwangu kupunguziwa suti za usaili nawapunguzia, na nawaambia ukweli kuhusu bega linalozidi. Buluu ya usiku inakaa vizuri kwenye usaili kwa sababu aliye ng'ambo ya meza ameizoea, na riziki kwanza. Kijana mmoja kutoka Goma, mwenye kazi ya hesabu, alikuja na suti ya namna hiyo akatoa mfukoni kipande cha kitenge cha mama yake, akaniuliza kama kinatosha bitana ya kizibao cha suti. Hakikutosha. Tukakitia mgongoni, juu, chini ya kola. Alipolijaribu koti mbele ya kioo sikumwambia neno, nilimwacha asimame. Mtu akivaa nguo inayomjua huacha kujivutavuta. Wateja wote hujivutavuta mbele ya kioo. Hiki ndicho kipimo changu, na miaka ishirini na saba ya cherehani haijanidanganya.

Mimi mwenyewe nilitoka polepole. Msimu wa pili baada ya msiba nikatia manjano kwenye kola. Wa tatu, kilemba. Msimu wa nne nilinunua mita tatu za sufu, nikajishonea koti la manjano kwa nje, na ile bitana ya Mama nikaihamishia ndani yake. Sikungoja tamasha lolote wala siku ya utamaduni. Nililivaa kwa mara ya kwanza Jumanne ya kawaida, nikapanda basi la Viva kwenda kazini, na hakuna lililotokea. Dereva alisema habari za asubuhi kama kila siku.

Kwenye mwisho wa barabara kuu yetu kuna jumba la sanaa lenye jina la Fred Varley, mmoja wa wachoraji wa Canada walioitwa Kundi la Saba, aliyeishi Unionville miaka yake ya mwisho mpaka akafariki 1969. Februari hii tuliingia humo na binti yangu kukimbia upepo. Kwenye kitabu kimoja akaona uso wa mwanamke, Vera, ambao Varley aliuchora miaka ya 1930 na kuutia kijani na buluu pale ambapo wengine wangetia rangi ya ngozi. Akautazama muda mrefu. Akaniuliza ile kijani ya shavuni kwetu ingeitwaje. Nikasema labda embe bichi. Akasema hapana, ni nyepesi zaidi. Tukabishana mpaka mlangoni.

Tulipotoka tulizunguka Toogood Pond. Barafu ilikuwa imeshika, na juu yake theluji nyembamba imepeperushwa na kuacha mabaka, si meupe, si ya kijivu. Akasimama pale ukingoni, mikono mfukoni. "Na hii?" Nikafikiri. Nikamwambia kuna tui la kwanza, zito, na tui la pili, lile unalolikamua baada ya kuongeza maji. Hii ni tui la pili. Akalirudia jina, na tulipofika darajani akalirudia tena. Halafu akasema, "Nishonee koti la rangi hiyo."

Kitambaa nimekipata, baada ya wiki tatu za kutafuta na kumrudishia muuzaji vipande viwili vilivyokuwa vyeupe mno. Kiko mezani. Bitana amechagua mwenyewe, kile kipande kilichobaki cha doti ya bibi yake. Sijakata bado, kwa sababu mikono yake ingali inarefuka, na kila Jumanne nampima upya.